Trela la Mama na Maji ya Sabato

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Kaka yangu Alexander,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Tunduma ukiwa mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia umekubali kunyooka. Mimi sijambo. Dagaa wanakauka vizuri kwa jua hili la sasa, na kunuka samaki nimeshazoea, hata majirani wamezoea. Mama naye ni mzima, tena mzima kuliko nilivyotegemea, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ninayo. Lakini simu zangu unazipokea ukiwa gereji, umewasha spika, na mafundi wako wote wanatega masikio. Haya hayafai kusikiwa na mafundi. Halafu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika ninakokwenda. Kwa hiyo nimempa Precious, mpangaji mwenzangu anayekuja huko mpakani kufuata nguo, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome yote mpaka mwisho ndipo ukasirike, kama utakasirika. Mimi mwenyewe mpaka sasa sijui kama nimekasirika au nimefurahi.

Nianzie mbali kidogo, maana tangu msiba wa Baba hujafika nyumbani na mengi umeyasikia nusunusu. Masika ile nyumba ya Mama ilipoanguka, wazee walikaa, wakasema kile ambacho wewe na mimi tulijua watakisema. Kwa mila yetu sisi Wajaluo, mjane hajengewi nyumba mpya mpaka arithiwe na mwanamume wa ukoo, na mwanamume huyo ndiye asimamishe nguzo ya kwanza. Wakamtaja Baba mdogo Odoyo. Mama akawajibu kwamba mumewe Okwach alimtosha, na kwamba Odoyo ana mke wake ambaye hajalalamika kuwa mume amemzidi. Ulipopigiwa simu wewe ukasema Mama akubali tu, yaishe. Neno lile lilimuuma sana, kaka. Yeye hajakuambia na hatakuambia, ndiyo maana nakuambia mimi.

Wazo la trela lilikuwa langu, sikatai. Nililiona kwenye uwanja wa gereji moja kule Igogo. Liliachwa na wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wakizunguka Afrika nalo, gari lao likafia hapa mjini, wao wakapanda ndege wakarudi kwao. Ndani lina kitanda, meza ya kukunja, kabati, na sinki lenye bomba lake kabisa. Nikasimama pale nikawaza. Mila inakataza kujenga. Hiki kitu hakijengwi, kimeshajengwa, tena na watu ambao hakuna mzee wa kwetu anayewajua. Hakina nguzo ya kwanza wala ya mwisho. Kina magurudumu.

Likavutwa na trekta hadi kiwanjani kwetu kule chini ya Kisesa, likasimama pale pale ilipoangukia nyumba, likitazama ziwa. Wazee walikuja kulizunguka. Mmoja akachungulia uvunguni kutafuta msingi. Baba mdogo Odoyo akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu, akauliza sasa mtu akirithi mjane wa nyumba inayotembea, asubuhi akiamka atajuaje yuko wapi. Walibishana mpaka chakula kikaiva, wakala, na walipomaliza kula walikuwa hawajapata jibu. Mwishowe wakakubaliana hivi: Mama akikaa humo kwa amani hadi mwaka uishe na kile kitu kikiwa kizima, watamwacha. Kikiharibika, basi itakuwa imeonekana kwamba hakikuwa makazi, nyumba ya kweli itajengwa kwa utaratibu wake, na Odoyo ndiye atakayesimamisha nguzo. Tena wakasema kabla ya kufunga neno, mtoto wa kwanza wa kiume lazima asikike. Yaani wewe.

Kwa hiyo unaona, kaka. Maisha yote ya Mama yalikuwa yamewekwa juu ya sakafu ya plaiwudi.

Na adui wa plaiwudi unamjua. Mradi wa maji wa kijiji ulikuwa umeshafika, tangi lao limejengwa juu kabisa kwenye mlima wa mawe, na kiwanja chetu ndicho cha mwisho huku chini ziwani. Tukamwita fundi bomba kutoka Kisesa, Msukuma mmoja anaitwa Nkwabi, mtu wa makamo, mpole, aliyefiwa na mkewe miaka iliyopita. Alikuwa hajawahi kuona trela la namna ile, akalizunguka akicheka peke yake. Akaunga mpira wa maji kutoka bomba la nje mpaka kwenye tundu la trela, akafungulia, na maji yakatoka kwenye sinki kwa nguvu mpaka Mama akapiga kigelegele. Usitucheke. Wewe ulikulia kule juu kwenye mawe ya Igogo kama mimi. Unakumbuka bomba letu lilivyokuwa likikohoa siku nzima kabla ya kutoa ndoo moja, na Mama alivyoiacha koki wazi saa zote ili maji yakija yasitupite. Mtu aliyelelewa hivyo anajua maji yasiyo na nguvu. Maji yenye nguvu kupita kiasi hatujawahi kuyafikiria. Nkwabi alipomshauri afunge ile koki ya nje anapoondoka, Mama alimwangalia kama mtu aliyeambiwa atupe chakula.

Jumamosi ya kwanza Mama alitoka kanisani akakuta maji yanatoka chini ya mlango. Si unajua kule kijijini karibu wote ni Wasabato, siku hiyo hakuna mtu barabarani. Akampigia Nkwabi. Mimi nilimuuliza je, kazi siku ya Sabato, akanijibu kwamba Bwana mwenyewe aliruhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani atolewe. Nkwabi, ambaye ni Mkatoliki na hana shida na Jumamosi, akaja, akabadilisha washa, kile kiduara cha mpira, akafunga tepu, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Wiki nzima pakawa pakavu. Jumamosi iliyofuata ikavuja kwingine, kwenye kona ya nyuma ya kitanda. Akakaza. Jumamosi nyingine, ikapasuka nati yenyewe, maana ni za plastiki na alikuwa amezikaza mno.

Kaka, tulichanganyikiwa. Siku nyingine zote kukavu kabisa, Jumamosi mafuriko. Wanawake wa kijijini wakaanza kunong'ona kwamba Okwach analilia nyumba yake. Nkwabi akasema labda mabomba ya Ulaya yamekataa maji ya ziwa, halafu akaona aibu kwa alichosema. Mimi, ambaye mimi na kanisa unajua tunavyosalimiana kwa mbali, nilianza kujiuliza kama Mungu ameudhika kwa ule ujanja wangu wa magurudumu. Plaiwudi ikaanza kuvimba karibu na mlango. Baba mdogo Odoyo alikuja akasimama pale nje, akaibonyeza kwa kidole, akaondoka bila kusema neno. Afadhali angetukana.

Niliyegundua sababu ni mimi, na ni kwa sababu ya uvivu. Jumamosi moja nilikuwa huko kwa Mama, nikajidai mguu unauma nisiende kanisani. Nikajilaza kitandani. Kijiji kizima kikanyamaza, na katika kimya kile nikasikia ukuta unaunguruma. Nikatoka nje. Ule mpira wa maji ulikuwa umevimba, ukiugusa mgumu kama fimbo. Nikarudi ndani nikafungua bomba la sinki, maji yakanipiga kifuani na usoni, nikalowa chapachapa. Ndipo nikaelewa, nikiwa nimesimama pale natiririka. Wasabato huteka maji yao yote Ijumaa. Wanajaza ndoo, madumu, masufuria, halafu Jumamosi hakuna hata mmoja anayefungua bomba. Siku nyingine nguvu ya lile tangi la mlimani inagawanywa kwa kijiji kizima, na usiku mradi hufunga maji. Siku ya Sabato nguvu yote inashuka mpaka chini kwetu na kukuta koki moja tu iliyo wazi, na nyuma ya koki hiyo, vimabomba vya plastiki vya wazee wa Kizungu. Utakatifu wa watu wale ndio uliokuwa unapasua trela letu.

Nilimwita Nkwabi nikamweleza. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akacheka mpaka machozi. Tulifanya hivi. Tulinunua simtanki dogo, akalipandisha juu ya mawe kiasi cha urefu wa kifua cha mtu. Maji ya mradi yanaingia humo, ndani kuna boya linalofunga likijaa, na kutoka humo ndipo yanashuka taratibu hadi kwenye trela. Mama hakupenda, akasema maji yamekuwa ya kizee. Lakini ikaja Sabato, ikapita, pakavu. Ikaja nyingine, pakavu. Tukang'oa ule ubao uliovimba, tukaweka mpya. Niliporudi huku Kirumba nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nyumba ianguke.

Laiti hadithi ingeishia hapo ningekupigia simu tu.

Haukupita muda Mama akanipigia kwamba inavuja tena. Sasa si Jumamosi. Mara Jumanne, mara Alhamisi, na siku zote mahali pale pale, nati moja chini ya sinki ndani ya kabati. Nkwabi anakuja, anakaza, anakunywa chai, anaondoka. Baada ya siku chache, imelegea tena. Nikamuuliza Nkwabi presha ya maji, akasema iko sawa. Nikauliza washa, akasema nzima. Nikamwambia Mama basi abadilishe fundi, akawa mkali ghafla, akasema fundi huyu ndiye anayelijua trela. Nilichanganyikiwa kuliko mwanzo, maana mwanzo angalau kulikuwa na siku moja ya kuogopa. Jambo moja tu lilinifariji, kwamba safari hii sakafu haikuwahi kulowa. Kila ilipovuja, kwa bahati nzuri palikuwa na beseni chini yake.

Na mimi, kwa akili yangu hii, nikaona nimepata jibu. Nikakumbuka nimemwona Baba mdogo Odoyo akipita pale kwa baiskeli siku za katikati ya wiki. Nani mwingine anayenufaika trela likioza? Nilimkuta mwaloni pale kijijini, watu wamejaa wanasubiri mitumbwi, nikamwambia mbele yao kwamba mtu mzima anayelegeza nati za mjane ili amwoe ni mtu asiye na haya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema polepole kwamba hajawahi kuingia ndani ya kitu kile, kwa sababu anaogopa kisije kikaondoka naye. Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Niliondoka pale nikiwa na mashaka, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Wiki iliyopita nilishuka kwa Mama bila kumwambia. Nikafungua mlango wa trela, nikamkuta amepiga magoti sakafuni, kichwa chake kiko ndani ya kabati la sinki. Nikajua anasali, nikataka kurudi nyuma. Kumbe ana spana mkononi, analegeza nati. Beseni ameshaliweka chini, linasubiri.

Kaka, nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Mama alitoka kabatini, akanitazama, akajifuta mikono kwa kanga. Hakuona haya hata kidogo. Aliniuliza kama nimekula. Nikamuuliza anafanya nini, akaniambia anamwita fundi.

Akaniambia yote. Tulipomaliza ile kazi ya simtanki na maji yakatulia, siku zikaanza kuwa ndefu. Fundi hakuwa na sababu ya kuja, na yeye hakuwa na sababu ya kumwita. Mjane wa kwetu hawezi tu kumkaribisha mwanamume chai, kijiji kizima kitahesabu sukari. Lakini bomba likivuja, fundi anapita mchana kweupe na mfuko wake wa spana, na wazee wenyewe wanamwelekeza njia. Nikamuuliza kama Nkwabi anajua. Akacheka kile kicheko chake ambacho sijakisikia tangu Baba yupo. Akasema fundi gani asiyejua nati iliyolegezwa kwa spana? Alijua tangu siku ya kwanza. Aliishika, akaitazama, akaikaza, akasema hili tatizo naona litajirudia, Mama Alexander, ngoja nisiende mbali.

Wamekubaliana. Nkwabi amemweleza wazi kwamba anamtaka, na Mama amemwambia wazi kwamba amekubali. Nikamkumbusha kuwa yule ni Mkatoliki na yeye ni Msabato, akasema watapumzika siku zote mbili, umri wao unaruhusu. Watakwenda kuandikisha ndoa bomani. Nikamkumbusha mila, kwamba mjane akiondoka kwenye nyumba ya mumewe amejitoa, hana chake. Hapo akalipapasa lile kabati, akaniambia kwamba yeye haondoki kwenye nyumba yake. Anaondoka nayo. Wazee wenyewe walikiri mbele ya watu kwamba ina magurudumu.

Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Nililia, na katikati ya kulia nikacheka, na hata sasa ninapoandika sijui ni lipi lilikuwa la kweli. Namkumbuka Baba. Angekuwapo, kitanda kile cha trela kingekuwa chao. Halafu namkumbuka Mama alivyokuwa amekaa peke yake kwenye kile kifusi cha nyumba, sisi watoto wake mmoja Tunduma na mmoja Kirumba, tukimshauri kwa simu. Mimi nilimtafutia sanduku la kumficha asirithiwe. Sikuwahi kumuuliza kama anataka kujificha.

Ilibidi niende kwa Baba mdogo Odoyo kumwomba radhi. Nilipiga magoti, nikamweleza ukweli wote, nikijua kwamba nampa fimbo ya kutupigia. Alikaa muda mrefu anachokonoa ardhi kwa kijiti. Kisha akaniambia kwamba tangu wazee walipomtaja, mkewe hajamtengea chakula kwa mkono wake, na kwamba usiku hapati usingizi akifikiria atamwingiliaje shemeji yake aliyekuwa akimpikia uji alipokuwa mdogo. Zile siku alizokuwa akipita kwa baiskeli alikuwa anakwenda kuangalia kama trela bado limesimama, na kila akilikuta limesimama alikuwa anamshukuru Mungu. Hakuthubutu kumwambia mtu. Nilimwonea huruma, kaka, na nilijiona mjinga.

Jana asubuhi, nikiwa nimelala kwa Mama, nilisikia kitu kinapumua nje. Nikachungulia. Baba mdogo Odoyo alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la trela na pampu yake ya baiskeli, anajaza upepo, jasho linamchuruzika. Tairi la kwanza lilikuwa limeshasimama vizuri, alikuwa kwenye la pili. Nikampelekea maji ya kunywa.

Wazee watakaa mwisho wa mwezi huu, mwaka ukitimia, na wanakusubiri wewe. Odoyo amesema atasimama mbele yao akatae kwa mdomo wake, lakini neno lako ndilo litakalofunga. Kule Kisesa Nkwabi ameshasawazisha mahali na kupanga mawe ya kuegemeza pembe nne. Maji ya pale ni ya kisima, ya kuvuta kwa kamba, kwa hiyo presha haitatusumbua tena. Linalokosekana ni la kulivuta tu, maana lile trekta limekufa. Wewe una ile pikapu ya gereji yenye ndoano nyuma. Nilimuuliza Mama niandikeje, nikuombe ruhusa kwa maneno gani, wewe ukiwa ndiye mkubwa. Amesema nikuambie hakuombi ruhusa. Anakuomba gari.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka na atawafungia dagaa wa kukaanga wakija. Mama anakusalimu, anakuombea mgongo. Nami nakutakia safari njema ya kuja, mchana, kwa barabara kuu, kila mtu akiona.

Mdogo wako akupendaye,

Truphosa Okwach